Loeum wa Baiskeli ya Mwisho

Loeum alikuwa na namna yake ya kusonya ambayo watu wa kijiji cha Trapeang Khyang waliijua tangu akiwa kijana. Hakusonya kwa nguvu. Aliuvuta ulimi taratibu nyuma ya meno, kama mtu anayenyonya mfupa, kisha akatazama pembeni. Ukisikia sauti hiyo ujue ama wewe, ama baiskeli yako, ama neno ulilolisema limeshapimwa na kuonekana halina uzito.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, miguu imejaa mishipa, na kazi yake ilikuwa kuendesha baiskeli ya mwisho. Kampuni moja ya Siem Reap ilikuwa ikichukua wageni na kuwazungusha kwa baiskeli siku tano au sita kati ya mahekalu ya wazee wetu: Banteay Srei, Beng Mealea, Koh Ker, mpaka Preah Vihear juu ya jabali la mpakani. Mbele alikwenda kiongozi mwenye leseni. Katikati wageni. Nyuma kabisa Loeum na pampu yake, viraka vyake, na sheria moja tu: asimpite mgeni wa mwisho, hata kama mgeni huyo anakwenda mwendo wa kobe mgonjwa. Wenzake walimwita Mkia.

Njia zile hakufundishwa na mtu. Ujanani alibeba sukari iliyopikwa kwa utomvu wa miti ya mivumo juu ya keria, kilo themanini kwa safari, akaipeleka sokoni kwa vichochoro vya msituni, nyakati ambazo pembeni mwa njia kulikuwa na mabomu ya ardhini na mtu alipita palipopita ng'ombe jana. Kwa hiyo alipoona wageni wamevaa suruali zenye sponji matakoni, wakifyonza sukari nzito kwenye vipakiti kila baada ya nusu saa, alisonya. Alipoletewa baiskeli ya kampuni yenye gia ishirini na saba aliizunguka mara moja, akabonyeza tandiko lake, akauliza, "Mzigo unakaa wapi?" Akaambiwa haina keria. Akasonya, akaendelea na yake ya chuma, kuukuu, yenye keria pana kama meza ya kukatia nyama.

Lakini sehemu kubwa ya dharau yake aliiweka akiba kwa ajili ya kiongozi.

Heang alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Phnom Penh, mwenye shahada, shati la rangi ya waongoza wageni lililopigwa pasi, na kitambulisho kilichoning'inia kifuani kama kengele ya ng'ombe. Ndani ya hekalu ni yeye tu aliyeruhusiwa kusema na wageni. Ndiyo sheria. Loeum, aliyeishia darasa la tatu, aliyelala ndani ya kuta zile utotoni akichunga nyati na aliyejua ni jiwe gani lina nyoka na lipi halina, alibaki nje kulinda baiskeli, akisikiliza upuuzi kupitia madirisha.

Siku ya kwanza, Banteay Srei, wageni walikuwa Waholanzi wanne. Heang akawaambia kwamba hekalu lile walilichonga wanawake, maana kazi ni laini mno kwa mikono ya wanaume.

"Wanawake nani hao?" Loeum alimuuliza walipotoka. "Uliwakuta?"

"Mjomba, ndivyo watu wanavyosema. Wageni wanapenda."

"Kwa hiyo babu zetu wanaume mikono yao ilikuwa kwato."

"Basi mjomba kachukue leseni, utawaambia wewe."

"Leseni ya kudanganya nitaitia wapi? Mfuko wangu umejaa viraka."

Heang alicheka tu. Hakuwa na kinyongo, jambo lililozidi kumuudhi Loeum. Na alikuwa mtu wa karatasi. Kwenye gari la mizigo, lililopita barabara kuu na kuwangojea vituoni, alikuwa na mkoba wa plastiki wenye fomu za kila mfanyakazi: amezaliwa wapi, wazazi wake ni nani, akivunjika aitwe nani. Asubuhi ya safari alimfuata Loeum nayo.

"Mjomba, fomu yako ya mwaka juzi. Bonyeza dole gumba tena hapa, mwaka umebadilika."

"Dole gumba limebadilika?"

"Ni utaratibu."

"Kafungie vitumbua hiyo karatasi," alisema Loeum, lakini akabonyeza.

Angegoma siku nyingine. Safari hii hakutaka ugomvi, kwa sababu aliihitaji. Ilikuwa ndani ya zile siku kumi na tano za mwisho wa mvua ambapo wafu hufunguliwa mlango. Wanatoka na njaa ya mwaka mzima, wanapita hekalu la watawa moja baada ya jingine, mpaka saba, wakitafuta watoto wao wameleta nini. Wakikuta hakuna mtu na hakuna jina, wanarudi walikotoka na matumbo matupu, na wanachokisema njiani hakuna mtoto angependa kukisikia.

Mama yake Loeum alikufa mwaka uliopita, wiki mbili baada ya siku hizo kwisha. Loeum alikuwa Banteay Chhmar, nyuma ya mgeni wa kilo mia na ishirini, na simu yake ilikuwa imezama kwenye mtaro. Dada yake Yorn alimngoja siku mbili. Halafu wanakijiji wakasema maiti haiwezi kungoja baiskeli. Loeum alipofika, jivu lilikuwa limepoa na limeshatiwa chunguni. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Yorn alimpa chungu akishike, akaenda kuosha vyombo.

Mwaka huu Yorn alikuwa ng'ambo ya mpaka, Thailand, akikata miwa. Alibaki Loeum peke yake. Kijiji kilikuwa kimegawana siku zile kwa zamu, na zamu ya kaya za upande wa bwawa iliangukia siku ya kumi na mbili. Loeum alihesabu kwa vidole, akarudia. Siku ya kumi na mbili ya wafu ilikuwa siku ya tatu ya safari, na siku ya tatu njia ilipita mbele ya lango la watawa wa Trapeang Khyang kabisa. Bosi akakubali: msafara utasimama pale kunywa maji, naye aingie afanye lake. Sharti lilikuwa moja, na halikutoka kwa bosi. Mtawa hali kitu baada ya jua kupita utosini. Chakula kikifika saa sita na dakika moja, kimefika kwa mbwa.

Siku ya pili hakukuwa na la kusema isipokuwa matope. Msafara ulikwenda chini ya milima ya Kulen, Heang mbele na kibendera chake, Waholanzi watatu nyuma yake, na nyuma kabisa, mbele ya gurudumu la Loeum, mwanamke mmoja mrefu wa miaka sitini na kitu aitwaye Hanneke. Alikuwa daima wa mwisho. Alisimama kupiga picha bata. Alisimama kutazama mtu akipanda mvumo. Alisimama kuwasalimu watoto, mmoja mmoja. Loeum alikuwa na maneno kama ishirini ya Kiingereza na hakuona sababu ya kumpa hata moja. Alijiuliza tu, watu wa nchi tambarare, ambao kila mtu kwao ana baiskeli, wanavukaje bahari zote hizo kuja kusukuma baiskeli kwenye matope ya watu wengine. Akasonya. Hanneke akageuka akamtabasamia, akidhani ni ndege.

Alfajiri ya siku ya tatu Loeum alinunua wali na mchuzi wa kuku kwa mama mmoja nyuma ya nyumba ya wageni ya Beng Mealea. Akavipanga kwenye mabakuli yake ya bati ya ghorofa nne yenye mshikio mmoja, pamoja na samaki mkavu na mikate ya wali wa kunata ambayo mkewe aliifunga kwa majani ya mgomba kabla Loeum hajaondoka mjini. Akayafunga juu ya keria kwa shuka la mirabaraba. Shati jeupe akalikunja ndani ya plastiki chini ya tandiko.

"Saa mbili tunaondoka hekaluni?" alimuuliza Heang.

"Saa mbili kamili, mjomba."

Saa mbili kamili Heang alikuwa amewapandisha wageni juu ya mawe yaliyoporomoka, akiwapiga picha kwenye mizizi. Saa mbili na nusu alikuwa akiwaeleza maana ya nyoka wa mawe mwenye vichwa vingi, akiruka vichwa viwili katika kuhesabu. Saa tatu mmoja wao akataka nazi. Loeum alisimama nje kati ya baiskeli, akilitazama jua kama mtu anayemtazama mdeni.

"Heang, utamuua mama yangu mara ya pili."

"Dakika tano, mjomba. Wamelipa kuja kuona."

"Mimi sijalipa? Mwaka jana nililipa nini, kama si maziko ya mama?"

Habari ile Heang aliijua. Akawapungia wageni mkono washuke. Lakini waliondoka saa tatu na nusu, na Trapeang Khyang ilikuwa kilomita kumi na nne za njia ya ng'ombe.

Heang na watatu wakapotea mbele. Hanneke akazama. Kila tope alilikuta, kana kwamba ameandikiwa. Mwishowe cheni yake ikajikunja ndani ya zile gia ishirini na saba, ikachukua udongo wote, ikakataa kwenda mbele wala nyuma. Loeum akashuka, akapiga magoti, akachokonoa kwa kijiti. Saa nne na dakika ishirini. Kilomita tano zimebaki. Gia ile haikuwa ya kutengenezwa bila maji na nusu saa.

Akasimama, akaitazama njia. Angeweza kwenda. Baiskeli yake ilikuwa nzima na mwanamke huyu hangeliwa na mtu. Angekaa kivulini na kamera yake mpaka gari lije. Lakini mgeni wa mwisho hapitwi, na mwaka jana ni kwa sheria hiyohiyo alikuta jivu. Alijidharau papo hapo kwa kusita, na alijua angejidharau akiondoka.

Hanneke alikuwa akimtazama. Akaonyesha yale mabakuli, akauliza kitu. Loeum akatoa maneno manne kati ya ishirini yake, kama mtu anayetoa meno.

"Mama. Kufa. Kula." Akaelekeza kidole juu, penye jua litakapofika. "Mwisho."

Mwanamke yule hakuuliza zaidi. Aliiegemeza baiskeli yake ya bei ya shamba kwenye uzio wa mtu, akafungua shuka la mirabaraba, akayachukua mabakuli, akaipigapiga keria kwa kiganja. Kisha akakaa juu yake upande, miguu yote kulia, mgongo umenyooka, mabakuli yamepakatwa, kama mwanamke wa Trapeang Khyang anayepelekwa sokoni na mumewe. Akatikisa kichwa: twende.

Loeum hakujua kwamba kwao nako watu hubebana hivyo. Alikaa kwenye tandiko bado akitafuta kitu cha kudharau, akakikosa. Akakanyaga. Mwanamke alikuwa mzito kupita sukari, lakini hakuyumba. Penye kona aliegemea na penye shimo alijinyanyua. Na kwa kuwa mgeni wa mwisho alikuwa nyuma yake sentimita thelathini, Loeum alijiambia kwamba hilo la kupita ama kutopita litakwenda kujadiliwa ofisini na wenye shahada.

Walifika langoni saa tano na dakika tano. Heang na wageni watatu walikuwa kivulini kando ya gari, wakinywa maji ya barafu. Loeum hakuwatazama. Alibadili shati, akachukua mabakuli, akapanda ngazi za ukumbi kati ya kina mama waliovaa meupe. Chakula akakimimina kwenye vyungu vya watawa, pamoja na cha wengine, kijiko kwa kijiko, kama inavyotakiwa. Halafu akaenda kupiga magoti mbele ya mzee Nget, acha wa hekalu, yaani msimamizi wa ibada, aliyekaa na daftari na kalamu iliyofungwa uzi.

"Umefika," alisema acha. "Mwaka huu umefika. Marehemu ni nani?"

"Mama yangu."

"Nina mama za watu tisini na sita hapa. Jina."

"Bibi Tauch."

"Tauch nani?"

Loeum akaitazama ile kalamu. Ilikuwa ikingoja.

"Tauch ni jina la kumwita mtoto mdogo," acha aliendelea bila haraka. "Kila nyumba ina Tauch. Asubuhi hii nimeandika watatu. Nikisoma Tauch, watainuka wangapi? Wa kwako ni yupi?"

"Ni yule wa kando ya bwawa. Unamjua, acha. Umekula kwake."

"Mimi namjua. Mlango wa kule sifungui mimi. Jina lake kamili."

Mtoto halitaji jina la mzazi wake, si mbele yake wala nyuma yake. Loeum alimwita Mama miaka hamsini. Kijiji kilimwita Tauch tangu alipotokea njiani mwaka watu walipoachiwa kutoka makambi ya kazi za lazima, na watoto wawili na sufuria moja, akasema anaitwa hivyo. Waliokuwa na umri wa kumuuliza zaidi, majina yao yalikuwa kwenye daftari lilelile. Siku ya kuchomwa kwake mambo yote yalishughulikiwa na Yorn.

Loeum akatoa simu. Ikalia upande wa Yorn mpaka ikakata. Akapiga tena. Miwa haishiki simu.

"Loeum hajui jina la mama yake," alisema Vorn, jirani yao wa zamani, akiosha sahani pembeni, kwa sauti ya kutosha ukumbi. "Jina la kila mfalme aliyebandika jiwe analijua. Juzijuzi kanisahihisha mimi, eti hekalu la Koh Ker nimekosea ngazi."

"Ulikosea. Ziko saba."

"Haya, saba. Na mama?"

Wanawake wakacheka kwa pua, kwa heshima ya mahali. Loeum alihisi masikio yakiwaka. Miaka yote alikuwa amemsikiliza Heang kupitia madirisha na kumhesabia makosa. Vichwa vya nyoka. Wanawake wachongaji. Na humu ndani ya kichwa chake mwenyewe palikuwa na tundu la ukubwa wa mama, na hakuwahi hata kulichungulia.

"Ngoma ni saa tano na nusu," alisema acha Nget. "Nikishawapa watawa karatasi, siwezi kuwanyang'anya."

Ndipo alipoikumbuka. Dole gumba.

Alishuka ngazi. Heang alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu. Loeum alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Heang."

"Naam, mjomba."

"Ile karatasi yangu."

"Karatasi ipi?"

"Ya dole gumba."

Heang akamtazama kwanza. "Ile ya kufungia vitumbua?"

"Hiyohiyo."

"Nilidhani imeshafunga."

"Heang. Wananidai jina la mama yangu, na mimi silijui."

Kijana alikuwa na kicheko tayari mdomoni. Alikimeza. Akaingia garini kichwa na mabega, akatoka na mkoba wa plastiki, akapekua kwa kidole kilicholowa.

"Hii. Jina la baba: hajulikani alipo. Jina la mama: Meas Kesor. Kuzaliwa: Battambang, mjini."

"Soma tena."

"Meas Kesor."

"Nani alikwambia?"

"Si wewe uliyeileta? Ulisema aliijaza dada yako, mama yenu kakaa karibu anamtajia. Nikakuuliza wewe ulikuwa wapi, ukasema unaziba pancha."

Walipanda ngazi pamoja, Heang na suruali yake ya sponji, karatasi mkononi, maana Loeum hakuamini macho yake kusoma kwa haraka. Heang akalisoma mbele ya acha, polepole, akatamka kila herufi. Acha Nget aliinua kalamu, hakuandika mara moja.

"Kesor," alisema. "Chavua ya ua la yungiyungi. Hilo si jina la shambani. Ni la nyumba yenye vitabu." Akamtazama Loeum juu ya miwani. "Enzi zile za makambi, mwanangu, wasomi waliuawa; jina kama hilo lilitosha kukutoa kwenye mstari usirudi. Tauch ni jina la kubaki hai. Alivyolivaa hakulivua tena."

Akaandika. Ngoma ikalia kabla wino haujakauka.

Majina yalisomwa kwa sauti moja ya kuimba, marefu na mafupi, watawa wakijibu. Lilipopita la Meas Kesor lilipita haraka kama mengine, likifuatwa na mvuvi fulani. Loeum alikuwa ameinamisha kichwa mpaka mbao za sakafu. Baadaye karatasi ikachomwa kwenye sahani na watawa wakala, na mmoja wao alichukua mkate wa wali wa kunata kutoka chungu cha kwanza, huenda wa mkewe, huenda wa Vorn.

Msafara uliendelea saa saba. Kabla hawajapanda, Heang aliinyanyua ile fomu.

"Nikupe nakala, mjomba?"

"Niwekee wewe," alisema Loeum. "Kwangu itafungia vitumbua."

Baiskeli ya Hanneke ilikuwa imeletwa na gari na kumwagiwa maji. Njia ya Koh Ker ilikuwa kavu zaidi, nao wawili wakawa nyuma kama kawaida. Huko mbele Heang alisikika akiwaambia wageni kwamba hekalu la huko waendako lina ngazi sita. Loeum akasonya. Ilitoka fupi.

Hanneke alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Alijigusa kifuani, akasema jina lake, kisha akaonyesha nyuma walikotoka, ukumbini, na kuuliza kwa neno moja ambalo Loeum alikuwa nalo kati ya ishirini.

"Mama?"

"Kesor," alisema Loeum.

"Kisa."

Alimkata jicho. "Kesor."

"Keso."

"Sikiliza wewe. Ke-sor. Usilimeze mwishoni. Watu mnazunguka dunia na ndimi za mbao." Na kwa kilomita mbili nzima, kwa ukali wa mwalimu aliyefundisha miaka thelathini, alimsahihisha mwanamke yule jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelijua tangu saa tano na dakika ishirini.